Kujikubali na Kujiendeleza kwa Pamoja: Mwongozo wa Wiki Kumi

Mwongozo huu unahitaji daftari moja la kurasa 96, kalamu, dakika kumi kila siku na dakika ishirini kila Jumapili jioni, kwa wiki kumi. Hauhitaji kuamka saa kumi alfajiri, kuoga maji baridi wala kulipia semina ya hotelini. Unamfaa mtu aliyechoka kujisukuma, na unamfaa mtu aliyechoka kubaki alipo. Mara nyingi huyo ni mtu mmoja, asubuhi na jioni.

Wengi hudhani lazima uchague: ama ujipende ulivyo na uache kuhangaika, ama ujichukie kidogo ili upate nguvu ya kubadilika. Hesabu hiyo ina kasoro. Fundi cherehani hapimi mwili anaoutamani mteja. Anapima kiuno kilichopo, anaandika namba, ndipo anashika mkasi. Kujikubali ndiko kupima. Anayekataa namba zake, yaani kipato chake halisi, usingizi wake halisi, Kiingereza chake halisi, humpangia mabadiliko mtu mwingine asiyekuwepo, na mpango huo humbana mabegani kabla ya wiki mbili kwisha.

Wanaotibu akili walilijua hili zamani. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetoa kitabu cha tiba yake mwaka 1993, aliona kwamba wagonjwa walioambiwa tu "badilika" walijiona wanalaumiwa, na walioambiwa tu "tunakuelewa" walibaki na mateso yaleyale. Akaunganisha yote mawili. Hapa kwetu Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Waliopewa mafunzo ya Shirika la Afya Duniani, vikao vitano vya saa mbili, walifundishwa kuzipa nafasi fikra zinazouma bila kupigana nazo, kujitendea kwa upole, na wakati huohuo kutenda jambo dogo wanalolithamini. Miezi mitatu baadaye msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Na mwaka 2012, Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba wanafunzi walioshindwa jaribio wakaelekezwa kujitendea kwa huruma walijisomea kwa muda mrefu zaidi kabla ya kurudia. Kwa hiyo wale wanaohofu kwamba wakijihurumia watalala usingizi wanaweza kutulia kidogo.

Siku ya 1 na ya 2: mwaga kila kitu

Kaa peke yako. Andika kila jambo kukuhusu linalokusumbua, moja kwa mstari, bila mpangilio. Lenga mistari 15 hadi 25. Ikiwa haifiki kumi, bado unajificha. Ikizidi arobaini, umeanza kuandika mambo ya majirani.

Andika kwa lugha unayojitukania. Kama kichwani unajisema kwa Luganda, Kilugbara au Kinyarwanda, iandike hivyohivyo. Kiswahili safi kitakutia adabu ambayo kichwani huna. Usiandike kwenye simu, maana humo ndimo zilimo status za WhatsApp, na utatoka na orodha ya mambo waliyonayo wenzako.

Tuchukue mfano wa mwendesha boda boda wa miaka 29 mjini Jinja. Orodha yake inaweza kuanza hivi: mvivu, sina nidhamu ya pesa, mfupi, niliishia Senior Two (kidato cha pili), Kiingereza kinanitoa jasho, namfokea mke wangu, baba hakunisomesha, wenzangu wana ploti, mwoga.

Siku ya 3 hadi ya 5: geuza sifa kuwa tendo

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, na ndipo wengi hukwama. Neno kama "mvivu" halipimiki. Huwezi kulikubali kwa sababu ni tusi, na huwezi kulibadilisha kwa sababu halina mahali pa kushika. Pitia kila mstari ujiulize: kama mtu angekuwa na kamera, angepiga picha gani? Sentensi mpya lazima iwe na angalau kimoja kati ya siku, saa, mahali au kiasi.

"Mvivu" inakuwa: "Wiki iliyopita nilifika steji, yaani kituo cha boda, saa tatu asubuhi siku nne, na wateja wanaokwenda kazini huwa wamekwisha saa mbili." "Sina nidhamu ya pesa" inakuwa: "Baada ya mafuta nabaki na kati ya shilingi 15,000 na 25,000 kwa siku, na Jumamosi usiku sina kitu." "Namfokea mke wangu" inakuwa: "Jumanne na Ijumaa nilipaza sauti juu ya pesa ya chakula, na mara zote mbili nilikuwa sijala tangu chai ya asubuhi."

Tazama sentensi hiyo ya mwisho. Sababu imejitokeza yenyewe mara tu tendo lilipoandikwa kwa siku na saa. Njaa haimpi ruhusa ya kufoka, ila sasa anajua kwamba kununua chapati na maharage saa nane mchana ni sehemu ya kulinda ndoa yake. Angekaa mwaka mzima akijiita mtu wa hasira asingefika hapo.

Kosa la kawaida ni kubadilisha tusi kwa tusi: "mvivu" inageuka "sijitumi". Lingine ni kukuta neno lisilo na ushahidi. Mwenye "mwoga" akikosa matukio matatu ya mwezi mmoja uliopita, alifute. Pengine aliambiwa na mwalimu wa Primary Five na amelibeba tangu hapo.

Siku ya 6 na ya 7: mafungu matatu

Fungua kurasa tatu. Ukurasa A ni wa yasiyobadilika: urefu, wazazi, umri, yaliyokwisha kutokea. Ukurasa B ni wa yanayobadilika lakini hayako mikononi mwako peke yako: bei ya mafuta, tabia ya mwenye nyumba, muda wa ofisi kujibu barua. Ukurasa C ni wa yale unayoweza kuyagusa wiki hii.

Mistari mingi itakataa kuingia ukurasa mmoja, na hapo uikate vipande. Chukua mtu aliyesoma hadi diploma huko Bukavu, Kongo, na sasa anaishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. "Elimu yangu haina maana hapa" ni mstari mmoja wenye mambo matatu. Kwamba alisoma kwa Kifaransa, A. Kwamba mwajiri fulani hatambui cheti cha Kongo, B. Kwamba hajapeleka vyeti vyake visawazishwe, cha sekondari katika baraza la mitihani, UNEB, na diploma katika Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, C. Alipokuwa ameyafunga pamoja, yote yalionekana kuwa A.

Kuna sheria moja tunayoisimamia bila kulegea: tendo linalomuumiza mtu mwingine haliingii A, hata kama umelifanya miaka ishirini, hata kama baba yako naye alikuwa hivyo. Kufoka, kupiga, kunywa ada ya watoto, kukopa bila kulipa, yote ni C. Kujikubali hakujawahi kuwa kibali cha kumkanyaga mwenzio.

Namna ya kukubali kilicho kwenye ukurasa A

Kuandika "nimekubali" hakusaidii kitu. Kwa kila jambo la A andika mistari mitatu: jambo lenyewe bila kivumishi, limekugharimu nini, umekuwa ukifanya nini ili kulikwepa.

Yule wa Jinja akifika kwenye "baba hakunisomesha", mstari wa kwanza unaweza kuwa: "Baba alilipa ada hadi Senior Two, kisha akaacha." Wa pili: "Sina cheti cha sekondari, na kila fomu inayouliza elimu inanitia aibu." Wa tatu: "Simpigii baba simu, na nikinywa namtaja yeye." Mstari wa tatu ndio wenye uzito. Unaonyesha kwamba gharama bado inalipwa leo, na sehemu ya gharama hiyo anailipa kwa hiari yake. Kukubali hapa hakumaanishi kwamba baba alifanya vyema. Kunamaanisha kuacha kusubiri mwaka ule urudi.

Soma mistari hiyo kwa sauti mara mbili kwa wiki. Wengine watalia, na hakuna ubaya. Jambo lisilobadilika mara nyingi ni msiba ambao haukuwahi kukaliwa matanga. Utajua limekubalika siku utakapoweza kumwambia mtu kwa sentensi moja, bila kucheka na bila kuongeza maelezo.

Uganda ina somo la zamani kuhusu hili. TASO, shirika la kuwasaidia wanaoishi na VVU, lilipoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba pamoja na wenzake, dawa za kurefusha maisha hazikuwa zimefika nchini. Kilichokuwepo ni kukaa pamoja na kulitaja jambo kwa jina lake. Leo anayeishi na VVU hufanya kazi zote mbili kila siku: anaikubali karatasi ya majibu iliyo A, na anameza kidonge kwa saa ileile, ambalo ni C. Virusi vikishuka hadi kutoonekana kwenye kipimo na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Asiyeikubali karatasi hafiki kwenye kidonge.

Wiki ya 2: lengo hili ni la nani?

Sasa geukia C. Chagua mambo matatu unayotamani kuyashughulikia, na kila moja liulize maswali haya. Ningelitaka hata kama hakuna atakayeona? Nikiliacha, nani atakasirika, mimi au mtu mwingine? Nikilifikiria saa tano usiku, nahisi hamu au hofu?

Majibu hushangaza. Safari ya kyeyo (kibarua cha ughaibuni) Dubai, nyumba kijijini kabla ya Krismasi, kwanjula (sherehe ya utambulisho wa wachumba) ya kupiga picha, shahada ya pili: vyote vinaweza kuwa vyako kabisa, na vyote vinaweza kuwa vya mashemeji. Lengo lililotoka kwa familia si lazima liwe baya. Ada ya mdogo wako ni deni la heshima. Ila liite kwa jina lake, wajibu, ulipangie pesa na tarehe. Ukilichanganya na thamani yako, mwezi ambao pesa haikutosha utajiona umeoza wewe mwenyewe, wakati kilichopungua ni shilingi.

Mwisho wa wiki ya 2: chagua moja, likate nusu mara mbili

Lengo moja kwa wiki nane zilizobaki. Tunajua Januari watu huandika saba.

Andika kiwango unachodhani unakiweza, ukigawe kwa mbili, kisha kwa mbili tena. Mwendesha boda anayetaka kuweka 8,000 kwa siku aanze na 2,000. Kipimo cha kutosha ni hiki: je, ninaweza kulifanya siku ya mvua, wateja wanapokimbilia teksi? Kama huliwezi siku mbaya, hicho ni kiwango cha siku nzuri, na siku nzuri hazihitaji mpango.

Kisha lifunge kwenye tendo ambalo tayari lipo, kwa muundo wa "ikiwa... basi", ambao mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer aliufanyia tafiti nyingi na kuuandikia mwaka 1999. Si "nitaweka akiba". Ni "nikimaliza safari ya kwanza inayolipa, basi naweka 2,000 mfuko wa ndani wa jaketi, upande wa kushoto, Jumapili baada ya ibada namkabidhi mweka hazina wa kikundi." Kwa siku sita za kazi hiyo ni 12,000 kwa wiki. Kikundi cha kuweka na kukopa, chenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, kinafaa kuliko kuingiza na kutoa kwenye simu, kwa sababu kila unapotoa unalipa ada ya huduma na kodi ya asilimia 0.5, na kwenye viasi vidogo ada hiyo inatafuna.

Kwa nini wiki kumi? Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Kwa wastani tabia ilizoeleka baada ya siku 66, lakini tofauti zilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Wiki kumi ni siku 70; ukitoa wiki mbili za maandalizi zinabaki siku 56 za kutenda, muda wa kutosha kuanza kuona kama inashika. Ikiwa haijashika, huenda uko upande wa 254, na hilo nalo ni namba ya kupima tu.

Mkimbiaji wa Uganda Joshua Cheptegei aliongoza mbio za nyika za dunia pale Kololo, Kampala, mwezi Machi 2017, mbele ya watu wa nyumbani, kwa pengo kubwa hadi mzunguko wa mwisho. Miguu ikamwishia akamaliza wa 30. Miezi mitano baadaye alichukua fedha ya mita 10,000 London, na mwaka 2019 akashinda mbio zilezile za nyika huko Aarhus, Denmark. Mwili ulikuwa wa mtu yuleyule. Anayeanza na 8,000 kwa siku kwa sababu watu wa steji wanatazama anakimbia mbio za Kololo.

Kila jioni: sentensi tatu

Sentensi ya kwanza ni tukio, ya pili ni hisia, ya tatu ni hatua inayofuata. Dakika tano zinatosha.

"Leo sikuweka kitu, mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi saa tano na nilibaki na 6,000. Naona aibu kwa sababu jana nilijigamba mbele ya wenzangu. Kesho, safari ya kwanza, 2,000."

Angalia kisichokuwepo. Hakuna "siku zote", "kamwe" wala "mtu kama mimi". Maneno hayo matatu yapige marufuku daftarini. Hakuna "lakini" ya kuifuta hisia. Na kesho ni 2,000, wala si 4,000. Ukikwama kwenye sentensi ya pili, andika kana kwamba unamwandikia mdogo wako aliyekuletea habari hiyohiyo. Watu wengi wanajua kuzungumza na mdogo wao vizuri kabisa. Wanachokosa ni kujihesabu miongoni mwa wanaostahili sauti hiyo.

Siku njema nazo ziandikwe kwa ukavu uleule. "Nimeweka 2,000, nimefurahi, kesho tena." Anayejipamba sana Jumatatu hujiponda sana Alhamisi.

Jumapili, dakika ishirini

Weka kengele ya simu. Dakika tano za kwanza hesabu tu: siku ngapi zimetimia. Dakika kumi jibu maswali mawili: nini kilirahisisha, nini kilizuia? Dakika tano za mwisho rekebisha jambo moja la mpango, ama usirekebishe. Kengele ikilia, funga daftari hata kama hujamaliza. Bila mpaka huo, tathmini hugeuka kesi, na wewe ndiye mshtakiwa, shahidi na hakimu hadi saa sita usiku.

Kukosa siku moja hakuharibu kitu. Utafiti uleule wa London uliona kwamba kukosa mara moja hakukurudisha nyuma tabia kwa kiasi cha maana. Kinachoharibu ni kulipa fidia. Aliyekosa jana akitaka kuweka mara mbili leo, kesho atahitaji mara nne, na Ijumaa ataacha. Usilipe deni la jana.

Ukikosa siku tatu ndani ya wiki moja, tafuta kosa kwenye mpango kabla ya kulitafuta ndani yako. Mara nyingi kiwango bado ni kikubwa, kwa hiyo kikate nusu tena. Au kifungo ni dhaifu: "asubuhi" si kifungo, "nikishazima pikipiki" ni kifungo. Au mwili umechoka: malaria, hedhi nzito, mtoto mchanga anayeamka mara nne, hapo pumzika wiki nzima kwa uamuzi, uandike tarehe ya kurudi. Na wakati mwingine lengo si lako, nalo linakataa kubebwa. Rudi kwenye maswali ya wiki ya pili.

Shangazi, steji na status

Watu watauliza, na hapa ndipo daftari la mtu hupata mtihani. Shangazi akikwambia kwenye sherehe, "Mwanangu, wenzio wanajenga, wewe bado unapanga?", usicheke kwa uchungu wala usianze kueleza bei ya saruji. Jibu: "Ni kweli shangazi, bado napanga. Mwaka huu naweka akiba kwenye kikundi. Siku ya ploti ikifika, nitakuja kukuambia mwenyewe." Umekubali ukweli wake, umetaja hatua yako, umefunga mlango bila kuubamiza, na heshima imebaki. Ukiogopa kwamba sauti itakutetemeka, fanya mazoezi ukiwa njiani.

Akisema umenenepa, mara nyingi anakusifu. Kwa wazee wengi huo ni ushahidi kwamba maisha hayajakupiga. Sema "asante shangazi" mwendelee kula matoke. Kama uzito ni jambo la kiafya kwako, hilo ni la mhudumu wa kliniki na mizani yake.

Wenzako wa steji watakuita mchoyo wiki ya tatu, mara tu watakapogundua hununui soda kama zamani. "Mzee, kwa sasa pesa yangu ya safari ya kwanza ina mwenyewe" inatosha. Kuhusu WhatsApp, zima status za watu watano ambao ukiziona tumbo linakaza. Ni kwa wiki kumi tu, na wao hawatajua.

Ukianza kuelemea upande mmoja

Upande wa kujisukuma una dalili zake: umeongeza lengo la pili kimyakimya, unapunguza usingizi ili upate "muda", unaficha daftari siku uliyokosa, na ukifanikiwa furaha haifiki hata jioni. Dawa ni kurudi ukurasa A na kukata kiwango kwa wiki moja, hata kama unakiweza.

Upande wa kujiachia ni mgumu zaidi kuuona kwa sababu unazungumza kwa utulivu. Ukurasa A unanenepa kila Jumapili. Unasema "ndivyo nilivyo" mbele ya mtu uliyemuumiza. Unasema "Mungu atapanga" kuhusu fomu ambayo iko mezani kwako na kalamu ipo. Hapo chukua mstari mmoja ulioingia A hivi karibuni, uupitishe tena kwenye jaribio la kamera, uone kama hakuna kipande chake cha C kilichojificha. Karibu kila mara kipo.

Daftari lisipotosha

Mwongozo huu ni wa mtu anayejiweza. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku na kutwa nzima, moyo ni mzito au hakuna kinachokuvutia, na juu yake usingizi, hamu ya kula au nguvu vimevurugika, au unajiona huna thamani kabisa, acha hatua hizi kwanza. Huo unaweza kuwa mfadhaiko, na mfadhaiko unatibika. Utafiti uliofanyika Masaka na Rakai na kuchapishwa mwaka 2003 ulihusisha vijiji 30: watu walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa, na dalili zao zilipungua sana kuliko za vijiji ambavyo havikupata huduma hiyo. Hawakuhitaji Kiingereza wala sofa ya daktari.

Anzia kituo cha afya cha daraja la nne kilicho karibu, uulize mhudumu wa afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbarara, Gulu, Arua na Mbale, zina vitengo vya afya ya akili, na Kampala kuna Butabika. Wanaoishi kwenye makazi ya wakimbizi waulize kwenye kituo cha afya cha makazi ni shirika gani linaloendesha vikundi.

Kama kuna wazo la kujiua, nendeni kituoni siku hiyohiyo, bila kusubiri Jumatatu. Mtu huyo asiachwe peke yake, na dawa za kuulia wadudu na za mifugo ziondolewe nyumbani kabla hamjaondoka.

Mkienda, bebeni dawa zote anazotumia au picha za vifungashio vyake. Bebeni na daftari, lifunguliwe kwenye sentensi za wiki mbili za mwisho, kwa sababu chumbani humo watu husahau au huona haya, na maandishi yenye tarehe humsaidia mhudumu kuliko "najisikia vibaya". Kama Luganda au Kiingereza hakitoshi, ombeni mkalimani wa kituo. Ndugu akilazimika kutafsiri, awe mtu mzima, asiwe mtoto wa nyumbani, na mgonjwa aulizwe kwanza kama anaridhia huyo asikie yote.